Mawe Chini ya Ndizi

Maji yalianza kwa sauti nene, kama mtu anayekohoa ndani ya pipa. Kisha sauti ikapanda polepole, ikawa nyembamba, ikazidi kuwa nyembamba, hadi ikabaki kama mluzi. Nje kulikuwa bado na giza. Phanice alikuwa amechutama chini ya bomba la tangi, ameshika shingo ya mtungi wa lita tano, na wala hakuhitaji taa. Masikio yalitosha.

"Imejaa!" sauti ya usingizi ilitoka dirishani.

Phanice akafunga bomba huku akitabasamu. Huo ulikuwa mchezo wake na mdogo wake Linda, mtoto wa miaka sita. Kitanda cha Linda kilikuwa upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa na tangi. Kila Jumapili alfajiri Linda aliyasikiliza maji akiwa chini ya blanketi, na yalipofika pale kwenye mluzi alipaza sauti, kisha akalala tena kama mtu aliyemaliza kazi ya siku nzima.

Phanice alibeba mtungi hadi kwenye pikapu, akainua boneti na kuitegemeza kwa fimbo, akamimina maji kwenye rejeta mpaka yakamwagikia vidole vyake. Hapo ndipo alipojua kwamba yamejaa. Akakaza kifuniko, akakijaribu mara mbili, kama baba yake alivyomfundisha.

Pikapu hiyo ya dizeli ilikuwa ya baba yake, Momanyi, ambaye alifariki dunia miaka miwili iliyopita. Pamoja na trela lake la magurudumu mawili, ndiyo iliyolisha nyumba yao huko Nyacheki. Kila Jumapili ilibeba ndizi za wakulima wa kijijini, ikapanda nazo kilima cha Riamasese na kuzipeleka Kisii mjini kwa soko la Jumatatu. Jumamosi haikuguswa. Hiyo ilikuwa Sabato, na hata magurudumu yalipumzika.

Marehemu alikuwa ameacha amri tatu, na Phanice alizijua kama alivyojua jina lake. Ya kwanza, maji kila asubuhi ya safari. Ya pili, mzigo usipite mstari mweupe aliouchora mwenyewe ndani ya mbao za trela, kwa rangi iliyobaki walipopaka madirisha ya kanisa. Ya tatu, gari likisimama mlimani, gogo kwanza, maneno baadaye. Gogo hilo lilikuwa la mkaratusi, limechongwa upande mmoja, lina kamba ya kulishikia. Kazi ya Phanice ilikuwa kuliweka nyuma ya gurudumu, na safari ikianza, kuangalia mshale wa joto la injini.

"Injinia!" Baba mdogo Obwocha, ambaye sasa ndiye aliyeendesha gari, aliita akitoka nyumbani kwake, huku akifunga vifungo vya koti. "Mashine imekunywa chai?"

"Imekunywa, Baba mdogo. Mpaka imecheua."

"Basi panda. Tuwahi darajani kabla watu hawajafika."

Phanice alipanda, akakalia mto wake wa vitambaa uliomwezesha kuuona mshale. Lakini maneno hayo, kabla watu hawajafika, hakuyapenda. Alijua maana yake. Mama yake, Orpah, hakujua. Alikuwa ameondoka mapema kwa gari la kwanza ili awahi kuonana na wanunuzi mjini, kama kawaida yake.

Jambo lenyewe lilianza Jumapili tatu nyuma. Pale darajani, bondeni, ndipo wakulima walipoleta mikungu yao, wengine kwa bodaboda, wengine kwa mikokoteni. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na machimbo ya mawe ya kujengea. Siku zote trela lilitandikwa majani makavu ya migomba, tabaka nene kama godoro, ndizi zisichubuke njiani. Jumapili ile Baba mdogo alitandika kitu kingine. Yeye na mchimbaji mmoja walipanga mawe ya kuchonga kwenye sakafu ya trela, wakayafunika kwa majani machache juu juu. Wakulima walipofika, waliona majani. Ndizi zikapangwa hadi kwenye mstari mweupe, wala hazikupita.

"Baba mdogo, mawe ni mazito," Phanice alisema siku hiyo.

"Mstari umepitwa?"

"Haujapitwa."

"Basi amri ya kaka yangu imetimizwa." Obwocha aliinama, akamwekea mkono begani. "Sikiliza, Injinia. Ninajenga nyumba kwenye kiwanja changu kando ya mji. Nyumba ya mawe, si ya udongo. Ikiisha nitakuwekea chumba chako na Linda, chenye dirisha kubwa la kusomea. Nataka Mama yako aione ghafla tu, afurahi. Kwa hiyo hii ni siri yetu wawili. Tumeelewana?"

Phanice alikubali kwa kichwa. Alilipenda dirisha hilo kabla halijajengwa. Na alimpenda Baba mdogo, kwa sababu alicheka kama baba yake, na alikohoa kama baba yake, na jioni mazishi yalipokwisha ndiye aliyembeba mgongoni kumtoa kando ya kaburi.

Tangu siku hiyo, mjini, ndizi zilipokwisha kushushwa, Obwocha alisema anaenda kutia dizeli. Kumbe alikuwa anaenda kushusha mawe. Na kila Jumapili jioni Mama alipouliza, "Trela lilipanda vizuri leo?" Phanice alijibu, "Ndiyo, Mama." Neno hilo lilikuwa dogo sana, lakini kila mara alilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa.

"Sielewi," Mama alisema Jumapili iliyopita, akigeuza ndizi iliyokuwa na alama nyeusi. "Wanunuzi wanalalamika kwamba mikungu ya chini inachubuka. Mnatandika majani ya kutosha kweli?"

"Barabara imeharibika, Shemeji," Obwocha alijibu upesi. "Mashimo matupu."

Phanice alitazama viatu vyake.

Sasa walifika darajani na kukuta mchimbaji akiwasubiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na barabara iling'aa. Baba mdogo alipanga tabaka la kwanza la mawe. Kisha akapanga la pili.

"Mawili?" Phanice aliuliza.

"Fundi wangu wa ujenzi amesimama kazi kwa kukosa mawe. Leo tu, Injinia. Wiki ijayo hatubebi kitu."

Trela lilikaa chini kiasi kwamba springi zilinyooka kama rula. Ndizi zilipopangwa juu, mzee mmoja mkulima, Abner, alilizunguka mara moja akikuna kidevu. "Obwocha, ndizi za mwaka huu zimeshiba," alisema. "Au ni macho yangu?"

"Ni macho yako, mzee," Obwocha akacheka, akawasha injini.

Walianza kupanda Riamasese kwa gia ya kwanza. Injini ilinguruma kwa sauti ya chini, na pikapu ilitembea polepole hivi kwamba mama mmoja aliyebeba kikapu cha majani ya chai aliwapita kwa miguu, akawapungia mkono. Phanice hakutoa macho kwenye mshale. "Uko chini, Baba mdogo," alisema. Baada ya kona ya kwanza akasema tena, "Bado uko chini." Maji yalikuwa yanafanya kazi yake.

Kwenye kona ya pili, pale ambapo kilima husimama wima, ng'ombe wawili waliingia barabarani. Obwocha akafunga breki. Pikapu ikasimama, na trela likaivuta nyuma kwa kishindo.

Gogo kwanza, maneno baadaye. Phanice alikuwa ameshuka kabla hajaambiwa. Alilisukuma gogo nyuma ya gurudumu la trela, akaruka kando. Gurudumu lilirudi likaligonga gogo, gogo likalia kama mfupa, lakini likashika.

"We! We! We!" mtu alipiga kelele nyuma. Alikuwa Mokua, kijana wa bodaboda, na pikipiki yake ilikuwa na mitungi ya maziwa pande zote mbili. Alikuwa hatua tano tu kutoka kwenye trela. "Obwocha, unataka kunifanya chapati? Umebeba nini humo, shule nzima?"

Ng'ombe waliondoka. Obwocha alijaribu kuondoa gari. Injini ilipiga kelele kubwa, lakini magurudumu hayakusogea. Akajaribu tena, mguu ukichezacheza kwenye klachi, akikanyaga na kuachia. Phanice alisikia harufu, kali na chungu, kama ya ndala inayoungua jikoni. Moshi mwembamba ulitoka chini ya pikapu. Kisha injini ikawa inazunguka bure kabisa, kama mtu anayezungumza bila kusikilizwa.

Baba mdogo akazima gari. Paji lake la uso lilikuwa limejaa jasho.

Alimpigia Mama simu. Halafu akaanza kazi haraka. Yeye na Mokua, aliyeahidiwa hela za chai, walishusha nusu ya ndizi, wakayatoa mawe moja moja na kuyatupa kwenye mtaro, wakayafunika kwa nyasi. Ndizi zikarudishwa. Mokua akaondoka na maziwa yake. Phanice alisimama kando, ameshika kamba ya gogo.

Kisha aliona jambo ambalo hakulielewa. Baba mdogo alilala chali chini ya pua ya pikapu, akanyoosha mkono, akafungua kitu. Maji ya moto yakaanza kumwagika barabarani. Yaliteremka kwenye lami yakifuka mvuke, yakapita kati ya viatu vya Phanice.

"Baba mdogo, mbona unamwaga maji?"

"Injini inataka kupumua," alisema bila kumtazama.

Mama alifika na fundi Obiero nyuma ya bodaboda. Obiero alikuwa mtu wa kando ya ziwa, lakini alikuwa ametengeneza magari kwenye mji mdogo wa jirani, Nyamache, kwa miaka mingi hata wenyeji walimhesabu kuwa wao. Mama hakusalimu. Alikuwa na kitenge kichwani na macho yenye hofu.

"Mko salama? Phanice, umeumia?"

"Hatujaumia, Mama."

"Ni nini kimetokea?"

Obwocha alifungua kifuniko cha rejeta, akamwonyesha Mama. "Tazama mwenyewe, Shemeji. Kavu kama jiwe la kusagia mahindi. Injini imechemka ikaishiwa nguvu." Akashusha pumzi ndefu. "Mtoto huyu hakuweka maji."

Phanice alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama Baba mdogo, akingoja acheke na kusema kwamba ni utani. Hakucheka. Mtoto huyu. Asubuhi alikuwa Injinia, na sasa alikuwa mtoto huyu, kama kuku wa jirani aliyeingia shambani.

"Phanice," Mama alisema. "Uliweka maji?"

"Niliweka."

"Watoto husahau, Shemeji," Obwocha alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi. "Usimgombeze. Ni usingizi tu."

Phanice alifungua mdomo. Mawe yalikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, chini ya nyasi. Lakini angesema mawe, angeulizwa yalianza lini. Na akisema yalianza lini, Mama angehesabu zile "Ndiyo, Mama" zote. Akafunga mdomo. Machozi yalimjaa, na Mama aliyaona machozi hayo akadhani ni ya hatia.

"Wiki ijayo utabaki nyumbani," Mama alisema taratibu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Gari hili ndilo ada yenu, ndilo unga wetu. Baba yako alikuamini na maji tu, Phanice. Maji tu."

Phanice alienda kwenye pikapu, akachukua mto wake, akaukumbatia.

Jioni hiyo walikula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, na hakuna aliyezungumza. Ndizi zilikuwa zimepelekwa mjini kwa gari la jirani, na pikapu ilikuwa imevutwa hadi gereji ya Obiero. Nyanya yao, ambaye watoto walimwita Magokoro kwa Kigusii, alitazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea.

"Nani amekufa?" hatimaye aliuliza.

"Gari," Mama alijibu. "Phanice alisahau kuweka maji."

Linda aliacha kutafuna. "Hakusahau."

"Linda, kula."

"Lakini hakusahau! Mimi nilisikia maji. Yalifanya kuuu, halafu kiii, halafu mimi nikasema imejaa. Magokoro, si nilisema?"

"Yaya, hapana, mtoto asisingiziwe," Magokoro alisema, akitikisa kichwa. "Alisema. Ndiye huniamsha kila Jumapili na hiyo imejaa yake. Mimi mwenyewe nilikasirika nikavuta blanketi."

Mama aliweka tonge chini. Alimgeukia Phanice. Phanice alitazama sahani.

"Kesho ukitoka shuleni," Mama alisema, "njoo moja kwa moja gereji."

Siku iliyofuata darasani Phanice hakusikia lolote. Mwalimu aliuliza swali la hesabu za sehemu, yeye akajibu mji mkuu wa Uganda, na wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Yeye alikuwa anawaza jambo moja tu. Alikuwa ameitunza siri ya Baba mdogo kama yai. Yeye Baba mdogo alikuwa ametunza nini?

Gereji ilikuwa mabati manne na mti mmoja. Alipofika, Mama alikuwa amekaa juu ya tairi, na Obwocha amesimama kando, mikono mfukoni. Obiero alitoka chini ya pikapu akiwa mweusi kwa grisi hadi kwenye nyusi. Mkononi alishika bamba la duara, jembamba, jeusi, lililopasuka.

"Mama Phanice, njoo unuse," alisema. "Hii ndiyo sahani ya klachi."

Mama alinusa, akarudisha kichwa nyuma. Phanice aliijua harufu hiyo. Ndala jikoni.

"Sasa, gari likikosa maji," Obiero aliendelea, "injini huchemka, kichwa chake kinapinda, mafuta yanakuwa kama maziwa. Mimi nimefungua injini hii. Safi! Mafuta yako sawa. Inaweza kwenda hata Mombasa. Kilichoungua ni klachi, na klachi haiunguzwi na kiu. Klachi huunguzwa na uzito, mtu akisimama mlimani na mzigo kuliko nguvu za gari, kisha akalazimisha." Alimgeukia Obwocha, akacheka. "Ndugu yangu, mlibeba ndizi, au mlibeba nyumba?"

"Ndizi tu," Obwocha alisema. "Mpaka kwenye mstari. Muulize mtu yeyote."

Mama aliinuka kutoka kwenye tairi, akaja akachuchumaa mbele ya Phanice, hadi macho yao yakalingana. Akamfuta vumbi la chaki shavuni kwa ncha ya kitenge.

"Jana nilikuhukumu kabla sijakusikiliza," alisema. "Hilo ni kosa langu, si lako. Leo nasikiliza. Hata kama kuna jambo lako baya ndani yake, lilete hivyo hivyo. Mimi ni mama yako nikiwa na gari, na ni mama yako nikiwa sina."

Phanice alivuta pumzi.

"Kulikuwa na mawe," alisema.

"Phanice!" Obwocha alifoka. "Tuliahidiana nini?"

Kisha akagundua alichokisema. Mkono wake ukatoka mfukoni, ukabaki hewani. Obiero akaweka ile sahani ya klachi chini, polepole, kama anaogopa kuamsha mtu.

Baada ya hapo maneno ya Phanice yalitoka kama maji ya bomba lililofunguliwa. Alisema mawe yalikuwa chini ya majani. Alisema Jumapili nne, na ya nne matabaka mawili. Alisema ndizi zilichubuka kwa sababu zililalia mawe. Alisema maji ya rejeta yalimwagwa barabarani na yalikuwa bado ya moto. Na mwisho, kwa sauti ndogo kabisa, alisema, "Na kila siku uliponiuliza, Mama, nilikudanganya. Nilisema limepanda vizuri."

Mama alimvuta kifuani, akamshika hivyo, kitenge chake kikinuka moshi na ndizi. Halafu akasimama, akamnyooshea Obwocha kiganja.

"Ufunguo."

"Shemeji, niliogopa. Ukiniondoa kwenye gari, nitajenga na nini? Nilidhani..."

"Ungeniomba, ningekukodishia trela Jumatatu likiwa tupu. Ulikuwa umeogopa, nimesikia. Ukamtwika mtoto uoga wako. Mtoto wa Momanyi. Ufunguo, Obwocha."

Aliutoa. Mama akaufunga kwenye pindo la kitenge. Njiani kurudi nyumbani Phanice alilia tena, na Mama hakumwambia anyamaze.

"Nililia kwa sababu alinisingizia," Phanice alisema, "lakini kinachouma si hicho. Kinachouma ni kwamba nilikuwa nampenda."

"Najua," Mama alisema. "Anayetusaliti ni yule tuliyempa nafasi ya kutuumiza. Adui hana nafasi hiyo."

Wiki nzima Obwocha hakuonekana. Ijumaa jioni, jua likiwa limebaki kiganja kimoja tu juu ya vilima, Mama akipiga pasi nguo za kanisani, alitokea mlangoni ameshika kofia. Sabato ilikuwa inaingia. Katika nyumba za washika Sabato watu walikuwa na desturi ya kutovuka machweo hayo wakiwa na kinyongo bila angalau kujaribu.

"Nimeuza mawe," alisema. "Yale ya mtaroni na yale ya kiwanjani. Obiero ameshanunua klachi. Jumapili gari litatembea." Nyumba yake, Phanice aliifahamu, ilikuwa imefika magotini tu, na sasa ingebaki hapo, na nyasi zingeota katikati ya kuta. "Lakini sikuja kwa ajili ya klachi. Nimekuja kwa Phanice."

Alichutama, kama Mama alivyochutama kule gereji. "Nilikuomba unifichie siri ambayo mtu mzima hapaswi kumpa mtoto. Halafu nilipobanwa, nikakusukuma wewe mbele. Nisamehe."

Phanice alimtazama. Bado alikuwa na kicheko cha baba yake, ingawa sasa hakuwa anacheka.

"Bado inauma, Baba mdogo," alisema.

"Iache iume," Magokoro alisema kutoka jikoni. "Jeraha linapona kwa siku zake. Obwocha, ingia unywe chai kabla haijapoa, halafu uende kuoga. Unanuka aibu."

Hata Mama alicheka kidogo. Baada ya chai aliwaita watoto wote wawili karibu, akamweka Linda magotini.

"Sikilizeni, wanangu. Baba yenu alichora mstari ule kwa nia njema, lakini mstari unapima kimo tu. Haujui kilicho chini. Ndizi zilifika pale pale kwenye mstari, na bado gari lilikuwa linakufa. Mtu naye ni hivyo. Anaweza kuonekana ametimiza kila kitu, kumbe amepanga mawe chini ya majani. Phanice, Baba yako mdogo aliweka mawe ya kwanza. Wewe uliongeza jiwe dogo, kila uliposema ndiyo. Nakusamehe, na ulilitoa mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu wazima watatu. Hilo si jambo dogo. Lakini shikeni hili hadi mtakapokuwa watu wazima. Kuna siri za furaha, kama zawadi ya mtu, hizo zina siku zake za kufunguliwa na kila mtu anacheka. Siri inayokutaka umwogope mama yako akiuliza swali rahisi, hiyo si siri. Huo ni mzigo wa mtu mwingine. Msiubebe hata hatua moja. Uleteni kwangu, au kwa Magokoro, au kwa mwalimu. Hata kama aliyewapa ni mtu mnayempenda. Hasa akiwa mtu mnayempenda."

Linda aliinua kidole. "Na mimi nilisema imejaa."

"Na wewe ulisema imejaa," Mama akakubali, akambusu utosini. "Kama si masikio yako, ningeendelea kumwonea dada yako."

Jumapili iliyofuata jirani yao Ondieki, dereva mtulivu aliyewahi kuendesha malori, ndiye aliyekaa kwenye usukani. Mama aliahirisha safari yake ya mapema, akaenda nao darajani. Obwocha alikuja pia, lakini kama mpakiaji. Alitandika majani makavu, tabaka nene kama godoro, na kabla ndizi hazijapangwa alisogea kando, akamwachia Phanice nafasi. Phanice alipanda ndani ya trela, akakanyaga majani kutoka kona hadi kona, akiyabonyeza kwa miguu yake. Yalikuwa laini kila mahali.

Ndizi zikapangwa hadi kwenye mstari. Springi zilipinda vizuri, bila kunyooka. Ondieki alikuwa tayari amewasha injini mzee Abner alipokuja mbio na mkokoteni, akihema, mikungu mitano mikubwa juu yake.

"Ngojeni! Ngojeni jamani! Mitano tu, mikungu yenyewe myembamba. Hamtaniacha mimi mzee na ndizi zangu zioze. Obwocha, mwanangu, pandisha hizi."

Obwocha aliushika mkungu wa kwanza, akauinua hadi begani. Kisha akasimama hapo hapo, akageuza macho. Mama naye akageuka. Ondieki akachungulia dirishani. Wote walikuwa wanamtazama Phanice, aliyekuwa amesimama kando ya gurudumu na kamba ya gogo mkononi. Mzee Abner alikuwa jirani mwema, tena alikuwa akimpa ndizi mbivu tangu akiwa hajui kutembea. Phanice alitazama mstari. Akatazama springi. Siku ile kilimani mdomo wake ulifungika, lakini safari hii haukufungika.

"Mzigo umetosha," alisema.